Tofauti ya mishahara itangazwe, hata kwetu Tanga

Mwajiri wangu hapa Leicester ametangaza, kama kanuni za Uingereza za mwaka 2017 zinavyomlazimu, jinsi malipo ya wanawake kwa saa yanavyopungua yakilinganishwa na ya wanaume. Nilizisoma takwimu hizo nikafurahi, ingawa zenyewe hazifurahishi hata kidogo.

Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 250 au zaidi hutoa, mwaka hadi mwaka, pengo la wastani, pengo la wale walio katikati mishahara ikipangwa kutoka mdogo hadi mkubwa, pengo la bonasi, na asilimia ya wanawake na wanaume katika kila robo ya wafanyakazi, kuanzia wanaolipwa kidogo hadi wanaolipwa zaidi.

Najua yupo atakayesema kwamba Ulaya imenilevya, nimesahau Ngamiani nilikozaliwa. Sijasema kwamba wametuzidi sheria. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inazungumzia hata mpango wa kuondoa ubaguzi unaosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi. Ilhali kanuni hizi za Waingereza zinamtaka mwajiri alitaje pengo tu, si kuliziba. Lakini huku namba inasomwa na yeyote, na kwetu ukiuliza mshahara wa mwenzako mhasibu hukutazama kana kwamba umeomba funguo za sefu.

Mwingine atanikumbusha kuwa walimu wa serikali hulipwa kwa ngazi zinazojulikana, awe mwanamke au mwanamume. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Ila ngazi haikwambii nani amepandishwa na nani amebaki chini, wala haina habari na posho: nani hupangiwa safari ya Dodoma, na nani huachwa kwa kuwa ananyonyesha? (Wenzake wa kiume watasema walimhurumia.) Hesabu ya robo nne, ikijumlisha na posho, ingelionyesha hilo bila kumtaja mtu.

Na anayeuliza Tanga ina waajiri wangapi wa watu 250 ana hoja, ndiyo maana kwetu ningependa tuanzie na watu 50, na katika mashamba ya mkonge vibarua wahesabiwe pamoja na walioajiriwa, kwa sababu mwajiri akiruhusiwa kuwaacha nje atapata pengo dogo asilostahili.