Bamvua ya Saint-Malo na Giza la Mtwara

Jana nilichelewa kazini kwa sababu daraja la mto Rance, kati ya miji ya Dinard na Saint-Malo hapa Ufaransa, lilinyanyuliwa kupisha mashua. Wenzangu walinung'unika ndani ya magari yao. Mimi nilitulia, kwa kuwa barabara hiyo imepita juu ya ukuta wenye mitambo 24 inayozalisha umeme kwa maji kujaa na kupwa tangu mwaka 1966, na uwezo wake ni megawati 240. Katika kijitabu ninachotembea nacho, saa za maji za mwaka mzima zimekwisha kuandikwa, kwa hiyo wenye mitambo wanajua mapema ni lini umeme utapatikana.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Bibi yangu kule Mikindani, Mtwara, hakuhitaji kijitabu: akitazama mwezi, alijua siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na saa ya kushuka mwambani kutafuta pweza. Watu wa namna hiyo ndio wanaokatiwa umeme bila taarifa, hadi mama yangu akamwaga ndoo mbili za samaki waliooza frijini.

Najua mtakaosema kwamba nimefika Ulaya nimeota mapembe. Sijasema tujenge ukuta kama huu. Hapa maji hupanda kwa wastani wa mita 8, kwetu hayafiki nusu ya kiasi hicho, na ujenzi wa Rance uliua viumbe vingi vya mtoni kabla havijarejea. Hata duniani kazi hii imekwenda polepole, kwani ilipita miaka 45 ndipo Korea Kusini ikaipita Rance kwa kituo cha Sihwa cha megawati 254. Lakini Scotland, katika mkondo wa Pentland, mitambo minne imekitwa chini ya bahari bila ukuta wowote, nayo inazungushwa na kasi ya maji tu.

Mwingine ataniuliza, gesi ya Mnazi Bay, huko huko Mtwara, si ipo? Ipo, na tangu mwaka 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Ninyi mlio nyumbani mnajua tulivyoisindikiza kwa macho. Ninachoomba ni kidogo: wataalamu wetu waupime mkondo wa bahari wa Msangamkuu, karibu na mji wa Mtwara, pale manahodha wanapongoja maji yageuke, na wakae na wavuvi wanaoyajua maji hayo kabla wazee hao hawajatutoka.