Tuanze kwa kufuta "Mengineyo"

Ukisikia mtu kikaoni anasema "bila kupoteza muda", kaa vizuri kwenye kiti, maana ndiyo kwanza muda unaanza kupotea. Nimekaa vikao vingi kiasi cha kujua hata utakapopotelea: kwenye Yatokanayo mwanzoni na Mengineyo mwishoni. Kazi yenyewe iko katikati, na hapo huwa tunapita mbio.

Yatokanayo yaliwekwa ili tujue nani ametekeleza alichoagizwa. Kazini kwetu yaligeuka mahakama ya rufaa. Jambo lililoamuliwa juma lililopita linaanza upya kwa kuwa fulani hakuwepo, au alikuwepo ila amepata wazo jingine akiwa njiani. Mwaka 1944 shirika la ujasusi la Marekani, OSS, liliandaa kijitabu cha kuwafunza raia wa kawaida kumhujumu adui kimyakimya. Mbali na mbinu za kuharibu mitambo, zilikuwamo za vikao: kila jambo lipelekwe kwenye kamati, tena kubwa, isipungue watu watano, ingiza yasiyohusika, bishana juu ya maneno ya muhtasari, rudisha mezani yaliyokwisha kuamuliwa. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Sisi tulikuwa tunayafanya yote manne bila kutumwa na mtu.

Na gharama hatuioni. Watu 8 wakikaa saa moja, zimekwenda saa 8, siku nzima ya kazi ya mtu mmoja. Ofisi inayotaka saini tatu ili kiti kimoja kinunuliwe humruhusu yeyote kuita watu 20 kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Amazon, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, walipiga marufuku slaidi katika vikao vya viongozi wa juu mwaka 2004, badala yake ukaja waraka wa kurasa zisizozidi sita, unaosomwa kimya kikao kinapoanza. Wapo wanaoona kichekesho watu wazima kukusanyika wasome. Mimi naona angalau wamekiri: waraka uliotumwa jana hatuusomi.

Ningepewa uenyekiti, Yatokanayo yangejibiwa kwa maandishi siku moja kabla: imefanyika, bado, kwa nini. Ajenda ingeandikwa kama swali. "Mafunzo ya wafanyakazi" si ajenda, ni kichwa cha habari, "Tuwapeleke mafunzoni watu 5 au 10?" hiyo ina jibu, na jibu likipatikana tunainuka. Mengineyo ningeyafuta kabisa.

Mwenzangu mmoja alinipinga, na ana hoja: Mengineyo ndipo wadogo wanapopata nafasi ya kusema. Kweli. Lakini husema wakati wakubwa wameshakusanya makaratasi, jicho moja liko mlangoni. Kama kweli tunataka kuwasikia, waanze wao, kabla bosi hajafungua kinywa. Akishasema yeye, kinachobaki ni "naunga mkono hoja".