Mpishi wa Chuo na Chungu Chake cha Mafuta

Mimi ni mpishi wa chuo hapa Oxford, Uingereza, mwaka huu wa 1621, na baba yangu alikuwa mpishi katika jiko hili hili, kwa hiyo mtu asije akasema kwamba nalalamika kwa sababu sijaizoea kazi. Nimeizoea mno. Naamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, kwa kuwa chakula cha mchana hapa huliwa saa tano asubuhi na cha jioni saa kumi na moja, na nyuma ya milo hiyo miwili wamo mabwana wengi wanaojua Kigiriki lakini hawajui kwamba nyama ya ng'ombe haiivi kwa kutazamwa. Chakula cha moto sijakionja sawasawa tangu nilipooa. Nikiwa jikoni nawapakulia wengine, na nikifika nyumbani nakuta moto umekwisha kuzimika, naye mke wangu hunikabidhi kipande cha jibini huku akiniuliza ni mpishi gani huyu anayekuja kuomba chakula usiku.

Suala la mke linahitaji maelezo, maana hapa chuoni kuwa na mke ni kama kuwa na upele. Walimu wa chuo hawaruhusiwi kuoa, na anayeoa hupoteza nafasi yake. Marehemu Malkia Elizabeth aliongezea amri mwaka 1561 kwamba hata mkuu wa chuo mwenye mke asikae naye ndani ya kuta za chuo. Basi matokeo yake ni kwamba elimu yote imekaa upande mmoja wa ua, na wakwe wote wamekaa upande wa jikoni. Bwana mmoja msomi aliwahi kuniambia, akiwa ameshika mguu wa kuku wangu, kwamba ndoa humpunguzia mtu nafasi ya kutafakari. Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nikitafakari bei ya viatu vya watoto watatu.

Baba mkwe wangu ni mchinjaji wa mjini, na hapo ndipo penye kisa. Mtumishi wa chuo huandikwa kuwa mtu wa chuo kikuu, na kesi zake husikilizwa na mahakama ya chuo kikuu badala ya ile ya meya. Kwa hiyo machoni pa mzee huyo mimi ni mtu aliyevuka mpaka akahamia kwa adui. Mwaka 1355 wanafunzi wawili walilalamikia mvinyo mbaya katika baa moja ya hapa, wakammwagia mwenye baa, na vita iliyofuata kati ya watu wa mji na wa chuo kikuu iliua wanafunzi wapatao 63. Ni jambo la kusikitisha, sikatai. Hata hivyo, tangu wakati huo kila tarehe 10 Februari meya na wenzake huenda katika kanisa la Mtakatifu Maria kutoa peni zao za fidia, na jioni hiyo hiyo, kila mwaka bila kukosa, baba mkwe hupita kwangu kuuliza fedha yake imeliwa na nani. Namwambia haikufika jikoni. Haamini. Anatazama tumbo langu.

Tuje kwenye mshahara. Mshahara wangu uliandikwa na mwanzilishi wa chuo katika kanuni za enzi ambazo yai lilikuwa halina thamani, na hakuna aliyeona haja ya kuugusa tangu hapo. Hesabu yake sitaitaja, maana aibu ni ya chuo wala si yangu. Kinachoilisha familia yangu ni marupurupu ya jikoni: ngozi za sungura, manyoya ya bata bukini, na zaidi ya vyote mafuta yanayochuruzika kutoka kwenye nyama inapobanikwa. Mafuta hayo nayakinga kwa sinia, nayamimina chunguni, na chungu kikijaa mke wangu humuuzia mtengeneza mishumaa. Mahari ya binti yangu, ambayo kwa desturi ya kwetu hutolewa na baba wa bibi arusi, yote inatoka katika chungu hicho. Tone kwa tone, kondoo kwa kondoo. Kijana anayemtaka amekwisha kuuliza mara mbili kama mwaka huu kondoo wamenona.

Mtengeneza mishumaa naye huwauzia mishumaa nani? Wanachuo! Wanakula nyama mchana, na usiku wanasomea mafuta yake. Nilidhani mpango huu unamfurahisha kila mtu, mpaka mtunza hazina wetu alipoupigia hesabu.

Bwana huyu si maskini. Kuna sheria ya mwaka 1576 inayosema kwamba theluthi ya kodi ya mashamba ya vyuo ilipwe kwa ngano na kimea, au kwa thamani yake ya sokoni, na kipimo kilichowekwa ni kile cha bei ya zamani: shilingi 6 na peni 8 kwa kipimo kimoja kikubwa cha ngano, na shilingi 5 kwa kimea. Maana yake ni kwamba bei ya ngano ikipanda sokoni, mimi nalia kwa sababu ya mkate wa wanangu, nacho chuo kinapata zaidi, na ile ziada wanagawana walimu. Sina elimu, lakini kilio cha samaki nakijua: machozi yake huenda na maji. Mtu anayekula ziada ya namna hiyo ndiye aliyesimama mbele ya meko yangu mwezi wa Machi akatangaza kwamba, kuanzia tarehe 25, siku ambayo kwetu ndiyo mwaka mpya na ndipo mwaka huu wa 1621 ulipoanza, mafuta yote ya jikoni yatakuwa mali ya chuo.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Hakulia. Aliketi kimya, kisha akasema, "Baba watoto, tarehe 25 Machi si bado ni Kwaresima?"

Nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu.

Asiyepika hawezi kuijua Kwaresima. Wachinjaji hawaruhusiwi kuuza nyama, na hapo baba mkwe huzidisha ziara zake. Sheria ya mwaka 1563 ilimtoza anayekula nyama siku zilizokatazwa pauni 3 au kifungo cha miezi mitatu, na baba yangu aliwapikia samaki siku tatu kila juma, hadi Jumatano ilipoondolewa mwaka 1585. Tena si kwa ajili ya dini. Sheria yenyewe inasema lengo ni kuwapa wavuvi kazi ili nchi ipate mabaharia, na kwamba anayehubiri kuwa samaki huokoa roho aadhibiwe kama mwenye kueneza habari za uongo. Kwa hiyo mimi, ambaye sijawahi kuiona bahari, nashika nyundo ya mti na kuitwanga chewa iliyokauka kama ubao kwa faida ya manowari, na wanafunzi wakionja wananiangalia kana kwamba niliitwanga kwa ubaya.

Samaki, nasema, ndiye mwenye mji huu. Ile maktaba kubwa aliyoifungua Sir Thomas Bodley mwaka 1602, watu wanaisifu kwa vitabu. Mimi nakumbuka kwamba Bodley alimwoa mjane wa mfanyabiashara wa Totnes aliyetajirika kwa dagaa. Dagaa wamejenga rafu zile! Na kila anayeingia huapa kwamba hatawasha moto humo ndani. Kiapo kizuri kwa vitabu, lakini mabwana wakishaganda kwa baridi wanakuja kuota moto jikoni kwangu, wamegeuza migongo yao baina ya nyama na makaa, wakibishana kuhusu asili ya joto.

Mwanangu wa kwanza ni mmoja wao sasa. Amepokewa kama mwanafunzi mhudumu: anawapelekea wenzake sahani, anakula kinachobaki, na kwa malipo hayo anafundishwa. Mezani wanatakiwa kuzungumza Kilatini, naye amekileta hadi nyumbani. "Baba," aliniambia juzi, "heringi kwa Kilatini ni halec." Nikamwambia kesho utaikuta mezani, na itakuwa halec ile ile ya jana. Hata mbwa wetu anayezungusha gurudumu la kubanikia nyama ametuzidi heshima, kwani Daktari John Caius wa Cambridge aliandika mwaka 1570 kitabu cha Kilatini kuhusu mbwa wa Uingereza na akawataja mbwa wa kazi hiyo. Mbwa ameandikwa kwa Kilatini. Mimi nimeandikwa katika daftari la duka la chumvi.

Mtu pekee aliyetuelewa wapishi alikuwa Kardinali Wolsey, waziri wa Mfalme Henry wa Nane. Alipoanzisha chuo chake hapa mwaka 1525 alianza na jiko, na watu wakacheka kwamba bwana huyu aliahidi chuo akamaliza jiko. Mimi hapo sioni kichekesho. Wolsey alianguka mwaka 1529, chuo kikabaki nusu, lakini jiko lilikuwa linatoa moshi.

Turudi kwenye chungu. Tarehe 25 ilipofika, mtunza hazina alikuja na mizani. Tulikuwa tumebanika heringi kwa zaidi ya mwezi mzima, na chungu kilikuwa kimejaa mafuta yao, yametulia, yamepoa, yana rangi ya kupendeza. Hakuuliza ni ya nini. Mtumishi hawezi kumfundisha msomi bila kuulizwa, kwa hiyo nilimsaidia kukibeba hadi mlangoni. Mtengeneza mishumaa, ambaye pua yake imekufa kwa kazi, aliyachanganya na shahamu yake bila swali.

Mwanangu ndiye anayempelekea bwana huyo mishumaa chumbani, na habari zote ninazo. Usiku wa kwanza aliamuru soli za viatu vyake zikaguliwe. Usiku wa pili alimfukuza mwanafunzi jirani aliyeshukiwa kuficha chakula. Jana, wiki mbili baada ya Pasaka, alikuwa akipiga hesabu zake huku dirisha limefungwa kwa misumari, na nje yake wamekaa paka kumi na mmoja, wametulia kama wanafunzi wanaosubiri somo lianze.

Leo asubuhi ameniita. Amesema chuo, kwa ukarimu wake wa kale, kimeamua kumrudishia mpishi haki yake ya mafuta, kuanzia na hayo yaliyokwisha kutengenezwa kuwa mishumaa. Iko kwetu sasa, makasha mawili, na mke wangu anataka kujua tutamzawadia nani. Baba mkwe atapita jioni.