Saa Ile Haikuwa ya Mama

Mama alipofariki, ndugu waligawana kanga na vyombo vyake. Mimi niliomba bahasha ya kaki aliyoihifadhi chini ya godoro, yenye picha thelathini na moja. Hakuna aliyeigombea.

Picha niliyoipenda tangu utotoni ni ile ya studio. Mama amesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi, mkono wa kushoto ameuinua kidogo ili saa ionekane. Miaka yote niliamini kwamba kabla yetu mama aliwahi kuwa na uwezo, au na mchumba mwenye nacho. Nilipozitandaza picha zote mezani ndipo nikaiona saa ileile mkononi mwa mama mdogo, na tena mkononi mwa binti nisiyemjua. Kote inaonyesha saa nne na dakika kumi. Ilikuwa saa ya mpiga picha, tena imesimama.

Tangu siku hiyo nazisoma picha kwa kuanzia na vitu ambavyo hakuna aliyevipanga. Kanga ni shahidi mzuri. Kaka yangu amebebwa mgongoni kwa kanga yenye herufi CCM, na chama hicho kilizaliwa Februari 5, 1977. Kwa hiyo waliokuwa wakiniambia picha ile ni ya 1975 walikosea.

Kisha kuna picha ya mabinti sita mbele ya darasa la udongo. Sketi ya mama ina vumbi jeupe ubavuni, pale mtu anapojifutia mkono. Niliibeba hadi Korogwe kwa mama mdogo.

“Hapa ni wapi, mama mdogo?”

“Hapo ni shuleni, mwanangu. Mama yako alikuwa mwalimu wa UPE. Hakukwambia?”

Hakuniambia. UPE ulikuwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote waandikishwe shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wanasomea ualimu. Mama alikuwa na miaka kumi na saba. Kaka alipozaliwa akawa mtoto wa kuugua kila mwezi, na mama akaiacha kazi.

Mimi nilimjua muuza maandazi. Lakini makopo yake ya sukari na iliki yalikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa herufi za mviringo, zilizonyooka bila mstari, na sikuwahi kujiuliza mkono ule ulijifunzia wapi. Ulijifunzia ubaoni.

Kinachoniuma ni wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya maziko. Alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto wanne, aliugua. Ualimu haukuwemo. Wasifu ule niliuandika mimi.

Mama zetu tunawaita kwa majina ya watoto wao, na tunaishia kuamini kwamba maisha yao yalianza tulipozaliwa. Picha inaweza kutukatalia hilo, ila inahitaji mtu aliye hai wa kuisemea. Ndiyo maana naona si sawa kuzifungia picha kabatini tukisubiri msiba. Zipelekwe kwa wazee sasa, na maswali yawe madogo: gauni hili la nani, nani aliwachekesha hapa? Majina yaandikwe nyuma kwa penseli, kwa mkono mwepesi, maana wino wa kalamu hupenya hadi usoni mwa mtu. Na zile albamu zenye kurasa za gundi ziachwe. Nimeshachana picha mbili nikijaribu kuzibandua.

Mama mdogo aliisogeza picha ya shuleni karibu na dirisha, akawataja wale mabinti mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja, nami nikiandika. Kwa wa mwisho alinyamaza.

“Huyu walikuwa wanalala kitanda kimoja na mama yako. Jina lake litanijia.”

Wiki mbili baadaye simu iliita saa tano usiku. Alilitaja jina, akalirudia mara ya pili polepole ili niandike, akakata.