Unguja kuna nafuu kuliko Nairobi? Tazama pesa ya kuingilia

Kila wanapolinganisha miji kwa kodi za nyumba, huanza na bei ya mwezi, na hapo Unguja hutoka na sifa nzuri. Mtu wa Nairobi akitajiwa bei ya chumba cha Fuoni au Tomondo hushangaa. Chake Chake ndiyo kabisa, chumba cha Machomanne humfanya mtu wa mjini atamani kuhamia Pemba. Kipimo cha kawaida, kwamba kodi isizidi theluthi ya kipato, nacho kinaafiki.

Tuchukue mfano. Chumba cha shilingi 80,000 za Tanzania kwa mwezi, na mshahara wa 347,000, kima cha chini kilichowekwa kwa watumishi wa umma Zanzibar mwaka 2022. Ni asilimia 23, kwa hiyo kwenye karatasi mpangaji huyu hana la kulalamika.

Ila mwenye nyumba hataki 80,000. Anataka miezi sita, yaani 480,000, na dalali naye ana mwezi wake. Jumla 560,000, mshahara na zaidi ya nusu ya mwingine, mkononi, kabla godoro halijapita mlangoni. Anayeweza kuweka kando 60,000 kwa mwezi atangoja miezi tisa na ushei. Muda wote huo anaishi kwa jamaa au analipa pahala pengine, na ukimdondokea msiba au ikaingia sikukuu, hesabu inaanza upya. Nairobi chumba ni ghali zaidi, lakini desturi ya huko ni kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya mwezi mmoja. Chumba cha shilingi 8,000 za Kenya kinafunguliwa kwa 16,000. Mpangaji wa huko analipa zaidi kila mwezi, lakini ameingia. Dar es Salaam, yenye desturi ya miezi sita na hata mwaka, inafanana na sisi. Ndiyo maana siwaelewi wanaomwambia kijana wa Kwamtipura, hapa Unguja, kwamba analia na bei rahisi. Tatizo lake ni fungu analodaiwa kwa mkupuo.

Wenye nyumba wana hoja, tena si ndogo. Wengi hujenga chumba kimoja kimoja bila mkopo wa benki. Saruji na mabati huvuka bahari, mchanga wenyewe una vibali na foleni, na fungu la miezi sita ndilo linaloezeka chumba kinachofuata. Halafu kuna hofu ya mpangaji anayelipa miezi miwili kisha akaanza kuzima simu. Kumtoa ni safari zisizokwisha za kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.

Lakini itazame hiyo kinga ya miezi sita. Inayeyuka. Siku ya kwanza mwenye nyumba ameshika miezi sita, mwezi wa tano ukianza ameshika miwili, na wa sita ukiisha hana kitu, wakati mpangaji bado yumo ndani na ndipo ubishi wa kodi mpya unapoanza. Dhamana ya miezi miwili haiyeyuki, hukaa pale pale mpaka siku ya kukabidhi funguo. Kwa chumba chetu, mwezi mmoja na dhamana ya miwili ni 240,000. Ukiongeza dalali, 320,000. Hiyo iko chini ya mshahara mmoja, na mwenye nyumba amelindwa vizuri zaidi mwishoni, pale anapoumia kwa kawaida. Haitamwezekea chumba kipya, hilo nakubali.

Dhamana nayo ina ugomvi wake, na wapangaji wa Nairobi wanaujua: siku ya kuhama, rangi na kitasa hugeuka sababu ya kukata pesa. Kwa hiyo mkataba wa kwa sheha usitaje kodi peke yake. Uandikwe hali ya rangi, mabomba, vitasa na shimo la choo, mita ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya chumba hicho au ya nyumba nzima na vyumba vingapi vinachangia, na ndani ya siku ngapi baada ya funguo kurudi dhamana italipwa. Mita ya pamoja isiyoandikwa ndiyo inayokula dhamana mapema, kwa sababu mwenye friji na mwenye taa moja huchangia sawa, na anayehama kwanza ndiye anayebebeshwa deni la umeme.