Vema moja ya Columbus, elfu thelathini ya Kasulu

Jumapili iliyopita usiku binti yangu alikuwa mezani jikoni, hapa Columbus, Ohio, anajaza maombi ya vyuo. Yuko darasa la kumi na mbili, mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Mimi nimeshavaa sare, nasubiri muda wa zamu, moyoni napiga hesabu: vyuo saba, kimoja dola 50, kingine 75, kingine 90. Nahudumia wazee usiku. Hesabu ile ilikuwa karibu mshahara wangu wa wiki nzima.

Akafika kwenye ukurasa wa ada. Pana orodha fupi: unastahili chakula cha mchana cha bure au cha punguzo shuleni? Familia inapata msaada wa serikali? Wewe ni yatima? Akatia vema kwenye chakula, akaandika jina lake kuwa sahihi, akaenda ukurasa unaofuata. Nikamuuliza, "Na malipo?" Akajibu macho yakiwa kwenye kompyuta, "Hakuna, mama. Vyote saba."

Nilivuta kiti nikakaa. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa mtoto wa kaka yangu, kutoka Kasulu, kwetu Kigoma, Tanzania, amemaliza kidato cha sita Mei mwaka huu na amefaulu vizuri: "Shikamoo shangazi. Naomba unisaidie 30,000 ya kontrol namba ya mkopo. Dirisha linakaribia kufungwa na baba hana."

Mtoto anaomba mkopo wa chuo wa serikali, unaotolewa na Bodi ya Mikopo, kwa sababu hana hela, na ili aruhusiwe kusema kwamba hana hela, lazima kwanza alipe shilingi 30,000 kwa hiyo kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Hairudi hata akikosa mkopo, maana ni ada ya maombi. Hilo limenikaa kooni wiki nzima na leo nimeamua kuliandika.

Najua mtakavyonijia. "Amekaa ughaibuni miaka kumi na minne, sasa ametuona washamba." Jamani, mimi ni mtoto wa Kigoma, nimesoma kwa koroboi, na ninapoishi sasa bado nina mengi ya nyumbani ninayojivunia. Wenzangu kazini nikiwaambia kwamba kwetu hakuna mtihani wa pembeni wa kuingilia chuo hawaamini. Unafanya mtihani mmoja wa NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, karatasi ileile siku ileile kutoka Bukoba hadi Mtwara, na ukipata principal pasi mbili (alama A hadi E katika masomo mawili) zenye jumla ya pointi nne una haki ya kuomba shahada. Mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi wanasahihishwa kwa kalamu moja. Hapa kuna SAT, mtihani wa kuombea chuo, dola 68, na wenye nacho wanaajiri mwalimu wa tuisheni na kurudia mara tatu, mara nne, mpaka alama zipendeze. Binti yangu ameufanya bure kwa sababu mshauri wa shule alimpa msamaha wa ada, na msamaha huo ni wa mara mbili tu. Na huruma hiyo inaishia mpakani: mwanangu wa Kasulu akitaka SAT leo hapati msamaha, kwa sababu si raia wa Marekani na haishi huku.

Kwa hiyo sisemi Marekani ni peponi. Kuna vyuo binafsi hapa ambavyo gharama ya mwaka mmoja inapita dola 80,000, na vema ya kusamehewa ada ya maombi haikulipii hata kitanda cha bweni. Mimi nasema juu ya mlango tu. Mlango wao, kwa mtoto maskini, unafunguliwa bila hela. Wetu una mtu amesimama na kikapu.

Mwingine ataniambia, "Elfu thelathini ni hela gani bwana?" Njoo tuhesabu. Vyuo vyetu vingi hutoza 10,000 kwa kila ombi, na hakuna mzazi mwenye akili atakayemwacha mwanawe aombe chuo kimoja. Weka vitatu. Ongeza hiyo ya mkopo. Ongeza uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa vizazi na vifo. Ongeza steshenari, anayekuchapia, anayekuskania, anayekujazia kwa sababu simu ya nyumbani ni ya kitochi. Kisha nauli ya kumfuata wakili au hakimu agonge muhuri. Kaka yangu analima maharage. Agosti hela ya msimu imeshageuka sukari na dawa.

Na yule wa tatu, huyu ndiye ananikera kuliko wote: "Tukisamehe ada, watu watadanganya." Mbona huku hawaogopi? Wanautumia umaskini ambao shule imeshauandika. Mtoto anayekula kwa punguzo anajulikana, basi. Na sisi tunao wa kwetu! TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wana orodha ya kaya maskini, kijiji kwa kijiji. Watu walikaa mkutano wa hadhara wakataja majina, mwenyekiti akasimama, majina yakaandikwa. Kaka yangu yumo humo. Serikali inamjua kuwa ni maskini inapompelekea ruzuku, halafu mwanawe anapoomba mkopo inamdai ada ileile ya elfu thelathini. Binti huyo wa kaka yangu ana namba ya mtihani, kaya yake ina namba TASAF. Kuziunganisha hizo mbili ili asamehewe ada kunashindikana wapi? Hata vyuo vingeweza kusoma orodha hiyohiyo na kuacha zile 10,000 zao.

Kinachouma ni kwamba kazi kubwa tumeshaifanya. Zama zangu tulifukuzwa darasani kwa ada, unarudi nyumbani na begi saa nne asubuhi kila mtu barabarani anakutazama. Sasa elimu ni bila ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu 2022. Miaka yote sita mtoto anabebwa. Anafika getini kabisa, matokeo mkononi, ndipo anaambiwa alipie.

Nilituma 50,000 usiku uleule kabla sijaingia kazini, ili pabaki na ya muhuri na nauli. Asubuhi nikakuta ujumbe: "Asante sana shangazi, Mungu akuzidishie. Kontrol namba nimelipa. Fomu mtendaji amesaini ila wakili amesafiri, wanasema atarudi Jumatatu."