Lami ikibonyea, kosa ni la lori au la mjenzi?

Barabara ya lami hunepa kila gurudumu linapopita, kwa sehemu ndogo ya milimita, kisha hurudi. Imesanifiwa hivyo. Kinachoichosha ni marudio: kila mpito huvuta upande wa chini wa tabaka la lami na kuukandamiza udongo ulio chini ya msingi. Mvuto huzaa nyufa zinazopanda juu hadi uso ufanane na ngozi ya mamba. Mkandamizo huzaa mifereji katika njia za magurudumu.

Wanaolaumu malori wana hoja nzito. Majaribio ya AASHO, chama cha maafisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, huko Illinois, yaliyoendeshwa kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu. Ukizidisha mzigo kwa asilimia 20, madhara huwa mara mbili hivi. Ekseli moja ya tani 8 ni sawa na mipito 10,000 ya ekseli ya kilo 800, ile ya gari dogo.

Wenye malori nao huuliza: mbona kipande hiki kimebonyea na cha jirani, kinachopitiwa na malori yaleyale, kimesimama? Swali ni halali, na jibu lake hupatikana kwa sururu. Chimba mtaro mwembamba kuukata mfereji. Msingi ukiwa bapa bado, na lami imesukumwa ikafanya matuta pembeni, mchanganyiko ndio mbovu: bitumeni, ile gundi nyeusi inayoshika kokoto, imezidi au ni laini mno, au nafasi za hewa zimeshuka chini ya asilimia 3, hivyo jua likiwaka lami husogea kama unga uliokandwa. Bonde likiwa pana, bila matuta, na matabaka ya chini yamezama, ama mzigo umeshinda unene ama udongo umelowa.

Hilo la kulowa pande zote mbili hulipuuza. Mfinyanzi uliolowa hupoteza nguvu nyingi, na lori lenye uzito halali huumiza kama lililozidisha. Dalili zake: uharibifu huanzia njia ya gurudumu la nje, karibu na bega la barabara, na mvua ikinyesha tope jembamba hutoka kwenye nyufa. Kuweka kiraka hapo kabla ya kuzibua mtaro wa maji wa kando ya barabara ni kutupa lami. Wala maji hayamsafishi mzidishaji mzigo: hata Illinois, sehemu nyingi zilivunjika barafu ilipoyeyuka na ardhi kulowa, kwa hiyo msimu wa mvua ndio wakati mbaya kuliko wote wa kulegeza mizani ya kupimia malori.